KWA NINI MAJI YA KISIMA HUPIMWA PALE PALE KISIMANI

Huenda mwananchi akashangaa amwonapo mpimaji akipima joto na uchachu wa maji kando ya kisima, badala ya kujaza chupa na kwenda zake maabara. Sababu yake yafaa ielezwe.

Maji ya mvua yanapopenya udongoni huchukua hewa ya ukaa itokayo kwenye mizizi na majani yanayooza, yakawa asidi hafifu. Asidi hiyo huyeyusha mawe ya chokaa, ambayo ndiyo maweni ya mashariki na kusini ya Unguja. Ule ukoko mweupe ndani ya birika ni jiwe lililoyeyuka chini ya ardhi, likarejea kuwa jiwe jikoni.

Kujua kama maji yamekwisha kushiba chokaa ni hesabu ndefu, na hufanywa kwa kompyuta. Programu moja mashuhuri ni PHREEQC, iliyotolewa mwaka 1995 na shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia jiolojia, nayo hupatikana bila ya malipo. Hupewa joto, uchachu na kiasi cha madini, ikatoa kipimo: sufuri ni shibe, chini ya sufuri, maji yangali na njaa ya jiwe, juu yake, yataacha ukoko.

La ajabu ni kwamba maji baridi yaliyoshiba, yakichanganyika na maji ya bahari yaliyoshiba vilevile, huweza kuwa na njaa upya. Mtaalamu L. N. Plummer alilichambua jambo hili kwa hesabu za namna hiyo mwaka 1975. Basi pampu ikivuta kupita kiasi karibu na pwani, huita bahari, na mwamba nao ukaweza kuliwa. Sehemu moja tu ya maji ya bahari katika hamsini huleta kloraidi ya miligramu 380 hivi kwa lita. Ulimi huanza kuitambua chumvi penye 250 hivi, na kuchemsha hakuiondoi.

Sasa, chupa ikikaa, ile hewa hutoroka na uchachu hupungua. Kompyuta, isiyojua kuwa imedanganywa, itajibu kwamba maji yameshiba hali yangali yakila mwamba.

Wenye visima wanaombwa wawe na subira mpimaji anapomwaga maji ya mwanzo. Hayo ni yaliyolala bombani. Kuyamwaga si israfu.