Uchovu wa Nabii Eliya

Mkristo ambaye sala imekuwa nzito ulimini mwake, na ibada ya Jumapili haimtii tena furaha moyoni, aghalabu hudhani kuwa imani yake imekwisha kufa. Ilhali Eliya mwenyewe, mara baada ya ushindi wake mkuu mlimani Karmeli, alipotishwa na Malkia Yezebeli alikimbia hata Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amtwalie roho yake.

Malaika aliyemjia hakumlaumu wala hakumpa nasaha (jambo ambalo sisi wa kanisani tu wepesi mno kulifanya), bali alimgusa, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale. Ndipo alipopata nguvu za kwenda siku 40 hadi Horebu, akapewa kazi mpya, na Elisha wa kumhudumia.

Basi, ndugu msomaji, ukichoka usione haya kula na kulala kwanza, kisha umtafute mwenzio wa kusali naye.