Chuma, Mizani na Daftari: Kuanza Kujenga Nguvu Nyaramba

Katika michezo, nchi ya Abagusii imejulikana kwa mbio kuliko kwa kitu kingine chochote. Nyantika Maiyoro alimaliza wa saba katika mbio za mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, Naftali Temu akaipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki aliposhinda mita 10,000 mjini Mexico mwaka 1968, na hadi leo kijana wa Nyamira au Kisii anayetaka kuujenga mwili hushauriwa kwanza atoke akimbie. Ushauri huo ni mwema lakini haujakamilika, kwa kuwa moyo na mapafu yanayoimarishwa na mbio ni sehemu moja tu ya afya, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawahimiza watu wazima wafanye pia mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa ya mwili angalau siku mbili kwa wiki. Njia iliyo nyoofu zaidi ya kutimiza sehemu hiyo ya pili ni kunyanyua uzani kwa chuma kirefu kinachoshikwa kwa mikono miwili na kubeba sahani nzito kila upande, na njia hiyo haimhitaji mtu awe mkaazi wa jiji kubwa.

Huenda msomaji wa Nyaramba, huko Nyamira, akauliza kwa nini mtu aliyeshinda shambani akichuma chai, akabeba kikapu hadi kituo cha kununulia majani, kisha akarudi nyumbani na mkungu wa ndizi begani, atafute uzito mwingine wa kuinua. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili. Kazi ya shamba humpa mtu ustahimilivu na nguvu za kadiri fulani, lakini mwili hujirekebisha kulingana na mzigo unaokutana nao na kuishia hapo, na kwa kuwa kikapu cha mwaka huu hakina uzito mkubwa kuliko cha mwaka jana, nguvu za mbebaji nazo husimama palepale. Isitoshe, kazi hiyo huelemea upande mmoja wa mwili, mgongo ukiinama kwa saa nyingi huku misuli ya mapaja na makalio ikitumika kidogo. Mazoezi ya chuma hutofautiana na kazi kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba mzigo hupimwa, hugawanywa sawa kwa pande zote mbili, na huongezwa kidogo kidogo kwa makusudi.

Kanuni hiyo ya kuongeza mzigo hatua kwa hatua ilithibitishwa hospitalini kabla ya kuenea katika jimu. Katika miaka ya 1940, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akiwahudumia mjini Chicago askari waliojeruhiwa magoti katika Vita vya Pili vya Dunia, wakati ambapo desturi ya tiba ilikuwa kuwapa wagonjwa kama hao uzito mwepesi waurudie mara nyingi sana. DeLorme, ambaye mwenyewe alikuwa amenyanyua vyuma ujanani baada ya kuugua, aliwapa uzito mkubwa kwa marudio machache na kuuongeza kadiri walivyopata nguvu, akachapisha matokeo yake mwaka 1945, na miguu iliyokuwa imedhoofika ikapona kwa kasi kuliko ilivyozoeleka.

Yanayotokea mwilini mwa anayeanza yanafaa kueleweka, kwa sababu wengi hukata tamaa mapema wakijitazama kwenye kioo bila kuona badiliko. Katika wiki za mwanzo, ongezeko kubwa la nguvu hutokana na mishipa ya fahamu, yaani nyuzi zinazopeleka amri kutoka ubongoni, ambazo hujifunza kuziamsha kwa pamoja sehemu za msuli zilizokuwa zimelala, na msuli wenyewe hunenepa baadaye na polepole. Kipimo cha haki cha miezi ya kwanza, basi, ni kilo zilizoinuliwa.

Mazoezi ya msingi ni machache. La kwanza ni kuchuchumaa na chuma mgongoni, ambalo watu wa jimu huliita skwati: chuma hulazwa juu ya nyama ya mabega, chini ya shingo wala si juu ya mfupa wake, nyayo hukanyaga kwa upana wa mabega na vidole vikielekea nje kidogo, kisha mnyanyuaji huvuta pumzi, hukaza tumbo na mgongo, akateremka huku magoti yakifuata mwelekeo wa vidole mpaka paja lishuke kufikia usawa wa goti, halafu husimama bila kisigino kuinuka. Kosa la kawaida kwa wanaoanza ni kuishia katikati, kwa kuwa hapo chuma huonekana chepesi, na hivyo mtu hujivunia uzito ambao hajauinua kikamilifu. La pili ni kuinua chuma kutoka chini, liitwalo dedilifti, ambapo chuma hukaa juu ya katikati ya nyayo, kikikaribia kugusa miguu, na mgongo hubaki umenyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Zoezi hili lina manufaa ya pekee kwa mkulima, kwa kuwa linamfundisha kuokota gunia kwa nguvu za miguu na makalio badala ya kulivuta kwa kiuno kilichopinda. Mengine ni kusukuma chuma juu ya kichwa mtu akiwa amesimama, kukisukuma kutoka kifuani akiwa amelala kwenye benchi, na kukivuta kuelekea tumboni akiwa ameinama.

Chuma rasmi cha wanaume katika mashindano kina uzito wa kilo 20 na cha wanawake kilo 15, na anayeanza aanze na chuma hicho kikiwa kitupu. Siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, zinatosha, na kwa kila zoezi seti tatu, yaani mafungu matatu ya kuinua mfululizo, kila moja likiwa na marudio matano, zinampa kazi ya kutosha. Akikamilisha seti zote kwa mkao sahihi, siku ya mazoezi inayofuata huongeza kilo 2.5, na akishindwa hubaki palepale au hupunguza. Ongezeko hilo huonekana dogo mno kwa kijana mwenye pupa, lakini mara tatu kwa wiki kwa wiki nane hufikia kilo 60, na ni wachache wanaodumu na mwendo huo bila kulazimika kuupunguza njiani.

Katika miji mingi ya Kenya, jimu za mtaani hazina sahani za kiwandani, bali zina bomba la chuma na makopo yaliyojazwa saruji kila upande. Vifaa hivyo havistahili kudharauliwa, kwa maana msuli haujui tofauti kati ya saruji na chuma cha kuyeyushwa, ila vina kasoro moja ambayo ni lazima irekebishwe: mara nyingi hakuna ajuaye uzito wake. Zege lililokauka huwa na takriban kilo 2.3 kwa kila lita, kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 lililojazwa hubeba kilo 9 hivi, lakini makopo mawili yaliyojazwa kwa macho yanaweza kutofautiana kwa kilo nzima, na tofauti hiyo humpinda mnyanyuaji bila yeye kutambua. Dawa yake iko karibu. Mkulima wa chai haridhiki majani yake yakadiriwe kwa kutazamwa, bali hudai yapimwe na kilo ziandikwe, na uangalifu uo huo unafaa kwenye chuma: kila kopo lipimwe kwa mizani ya dukani, uzito uandikwe juu yake kwa rangi, na mnyanyuaji awe na daftari la kuandika tarehe, kilo na marudio. Pale pasipokuwa na sahani ndogo, chupa mbili za nusu lita zilizojazwa maji na kufungwa kwa blada kwenye ncha za bomba huongeza kilo moja hivi.

Zoezi la benchi linahitaji onyo la peke yake, kwa sababu ndilo linaloweza kumbana mtu chini ya chuma kifuani au shingoni. Anayelifanya awe na mwenzake amesimama kichwani pake tayari kukipokea chuma, na akilazimika kuwa peke yake asizifunge sahani kwa vibanio, ili akishindwa aweze kukiinamisha chuma upande mmoja na kuzimwaga. Makopo ya saruji yaliyogandishwa kwenye bomba hayamwagiki, kwa hiyo benchi kwa vifaa vya namna hiyo isifanywe bila msaidizi hata kidogo. Mwenye shinikizo la damu, ngiri au ujauzito, na yeyote anayepata maumivu ya kifua, amwone kwanza mhudumu wa afya, kwani kubana pumzi wakati wa kuinua hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla.

Dhana kwamba vyuma ni vya vijana wa kiume imewanyima haki watu wengi. Mercy Obiero aliiwakilisha Kenya katika kunyanyua uzani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwachukua wazee kumi dhaifu wenye wastani wa umri wa miaka 90, ukawapa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane, na nguvu za mapaja yao zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mama wa miaka 55 wa Nyaramba, ambaye misuli yake imekuwa ikipungua tangu alipopita ujana na ambaye bado hupanda na kushuka vilima kila siku, ana sababu kubwa zaidi ya kuchuchumaa na chuma kuliko mwanawe anayetamani mikono minene.

Kuhusu lishe, unga wa protini wa kopo unaouzwa kwa bei ghali hauhitajiki. Maharagwe, maziwa, mayai na omena, pamoja na ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, hutosheleza mahitaji ya mwanzo, mradi protini iliwe katika kila mlo. Usingizi wa kutosha ni wa lazima, na siku ambayo uchumaji wa chai umekuwa mzito, uzito upunguzwe.

Kwa wenye jimu ndogo za Nyaramba na kwingineko Nyamira, ombi ni moja: kabla ya kununua kioo au redio, pimeni kila kopo na kila bomba mlilo nalo, mziandike kilo zake kwa rangi, na mwelekezeni kila anayeingia kwa mara ya kwanza aanze na bomba tupu.