Kuku wa bei chee huweza kufilisi banda zima

KILA inapokaribia Krismasi, wachuuzi wa Tunduma huingia vijiji vya Mbozi na Momba kununua kuku wa kienyeji wa kuongeza bandani. Hesabu yao si mbaya: mwezi Desemba mahitaji hupanda, na mji huu wa mpakani una madereva wa malori, nyumba za wageni na wauza chipsi. Kasoro iko kwenye wakati wa kununua.

Mdondo husambaa zaidi kiangazi, hasa kati ya Agosti na Novemba. Mfugaji akisikia kuku wa jirani wanakufa, huharakisha kuuza wake kabla hawajaanza kusinzia. Kwa hiyo bei ikishuka ghafla katika kijiji kimoja huku kwingine imesimama, mnunuzi asifurahi. Aulize kwanza.

Kuku aliyeambukizwa kwa kawaida huonyesha dalili baada ya siku 5 au 6, lakini zinaweza kufika 15. Ndiyo maana tenga linaloonekana zima sokoni halithibitishi kitu. Tuchukue mfano wa mtu mwenye kuku 20, akanunua 5 kwa shilingi 15,000 kila mmoja. Ametoa 75,000. Akiwafungulia siku hiyo hiyo wachanganyike na wenyeji, ameweka rehani na ile mali ya 300,000 iliyokuwa salama nyumbani. Kibanda cha pembeni, chombo chao cha maji na pumba za wiki mbili hadi tatu ni gharama ndogo mno mbele ya hasara hiyo. Wageni wahudumiwe mwisho, kwani viatu na ndoo navyo hubeba ugonjwa.

Chanjo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hutolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, na haimponyi kuku aliyekwisha kuambukizwa. Wenyeji wachanjwe kabla ya safari ya kununua, si baada yake. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, hivyo majirani wanaweza kuchanga.

Siku hizo zikiisha salama, bado kuna ugomvi. Kuku wana wakubwa na wadogo wao, na mgeni akiwa peke yake hudonolewa hadi damu. Watenganishwe kwa wavu siku kadhaa waonane, kisha wageni wote waingizwe pamoja usiku, wenyeji wakiwa wamelala. Vyombo vya chakula viongezwe. Jike anayefukuzwa kwenye pumba hatagi.

Wanaovutiwa na kuku wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakumbuke kuwa mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya viliteketezwa Namanga kwa kuingizwa bila kibali. Ofisa mifugo aonwe kabla fedha haijatoka mfukoni.