Ndege za Vita Juu ya Viwanja vya Michezo

Katika nchi ya Marekani, ambako mchezo mkubwa hauanzi mpaka wimbo wa taifa uimbwe na hadhara yote isimame, imekuwa ada kwamba mwimbaji anapolifikia tamko la mwisho, ndege za kivita hupita juu ya vichwa vya watu kwa ngurumo itikisayo viti. Ada hiyo si ya jana. Mnamo Septemba 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inawaka Ulaya, ndege za jeshi zilionekana juu ya uwanja wa Comiskey Park, mjini Chicago, siku ya kufungua fainali za besiboli. Na siku iyo hiyo bendi ilipoupiga wimbo wa bendera yao, ambao cheo cha wimbo wa taifa haukukipata hadi mwaka 1931, mchezaji Fred Thomas, aliyekuwa na ruhusa kutoka jeshi la majini, aliielekea bendera akapiga saluti.

Linalonistaajabisha zaidi ni hesabu ya wakati. Ndege iendayo kilomita 540 kwa saa hukata mita 150 kila sekunde. Basi mwimbaji akiivuta sauti yake ya mwisho sekunde tano kupita alivyofanya mazoezini, ndege zimekwisha uvuka uwanja wote naye hajanyamaza. Kwa sababu hiyo marubani huzunguka mbali, wasikoonekana, wakingoja, na uwanjani huwekwa mwenzao mwenye redio, ausikilizaye wimbo mstari kwa mstari na kuwaarifu kama mwimbaji anakawia au anaharakisha, nao wakarekebisha mwendo.

Jeshi husema kwamba gharama za ndege hizo huingia katika saa za mazoezi ambazo marubani wangeziruka vyovyote, madhali kufika mahali palipoamriwa kwa sekunde iliyoamriwa ndiyo kazi yao vitani. Hoja hii naikubali, ila si kila mara. Februari 2011, katika fainali ya futiboli ya Kimarekani iitwayo Super Bowl, huko Arlington, Texas, ndege za jeshi la majini zilipita juu ya uwanja ambao paa lake lilikuwa limefungwa, hata maelfu waliokuwamo ndani wakaziona kwenye skrini tu, sawasawa na waliobaki majumbani mwao. Paa lilipokwisha fungwa, ilikuwa wajibu wa wakubwa kuzizuia ndege zile kambini.