Duka Lako la Mtandaoni Likiandika "500", Usibahatishe: Washa Logi

Wauzaji wenzangu, mteja kashajaza kapu, kabonyeza kulipa, halafu anakutana na ukurasa mweupe au maandishi ya "500". Huyo hakupigii simu kuuliza kulikoni. Anaondoka, na kama hela imeshakatwa kwenye simu yake, anawaambia watu umemtapeli.

500 inakwambia kuna kitu kimekwama ndani ya seva. Kipi hasa, haisemi. Ndiyo maana mtu anayekwambia "hama hostingi" kabla hajasoma logi, mimi simsikilizi. Logi ni daftari la seva: kila kosa linaandikwa na saa yake, mradi umeiwasha.

Wengi wetu tunatumia WordPress na WooCommerce, basi nianzie hapo. Ingia cPanel, fungua File Manager, tafuta faili ya wp-config.php. Chukua nakala yake kwanza! Ndani kuna mstari wenye WP_DEBUG. Uondoe, na mahali pake weka hii mitatu:

define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );

Huo wa tatu usiuruke, la sivyo makosa yanaweza kumwagika mbele ya wateja.

Hifadhi, kisha rudia kile kile alichofanya mteja. Ndani ya folda ya wp-content itatokea faili ya debug.log. Soma kuanzia chini, tafuta "PHP Fatal error". Zile "Notice" na "Deprecated" zipite kwanza, ni kelele. Na angalia saa: logi hii inaandika saa za UTC, nyuma ya zetu kwa saa 3. Oda iliyokwama saa 2 usiku utaikuta kwenye 17:00.

Kuna dada anauza mabegi, nilimsaidia juzi juzi. Alishaambiwa anunue hostingi mpya. Mstari wa kosa ukataja wp-content/plugins na jina la plagini ya kuponi iliyojisasisha usiku. Tukabadilisha jina la folda yake, plagini ikazimika, oda zikaingia. Hakununua kitu.

Ukikuta "Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted", hizo ni MB 128 za memori zimeisha. Sasa una neno la kuwaambia watu wa hostingi, siyo "tovuti haifunguki" tu.

Debug.log haijatokea kabisa? Pengine kosa limetokea kabla WordPress haijaanza kazi, mara nyingi kwenye .htaccess. Rudi cPanel, sehemu ya Metrics, bonyeza Errors.

Ukimaliza, rudisha WP_DEBUG iwe false na ufute debug.log. Kwenye hostingi nyingi mtu yeyote anaweza kuisoma kwa kuandika anwani ya duka lako na /wp-content/debug.log mwishoni, na wakati mwingine mle mna majina na namba za simu za wateja wako.