PICHA HUKUMBUSHA, MANENO HUELEZA

Simu yenye kioo cha kugusa ni kompyuta ndogo. Kwenye kioo chake utaona picha ya pipa la taka. Maana yake ni "futa". Je, mtu ambaye hakuambiwa angejuaje? Akiigusa kwa kubahatisha, anaweza kupoteza kitu chake.

Zamani kompyuta nyingi zilipokea amri za maandishi tu. Ukikosea herufi moja, kompyuta haikukuelewa. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza kompyuta ya Macintosh. Picha zake nyingi zilichorwa na Bibi Susan Kare. Mtu hakulazimika kukariri amri. Aliiona picha, akaichagua.

Lakini picha nayo ina shida yake. Katika programu nyingi, alama ya kuhifadhi kazi ni picha ya diski ya zamani. Vijana wengi hawajapata kuiona diski hiyo. Wanaijua maana yake kwa sababu walifundishwa.

Basi, picha hukukumbusha unachokijua. Maneno hukueleza usichokijua. Picha ya noti haikuambii ni shilingi ngapi, wala zinakwenda kwa nani. Kabla ya kutuma fedha kwa simu, soma jina. Soma kiasi. Ndipo uweke namba ya siri, wewe mwenyewe.

Kama umeweza kusoma habari hii, unaweza kusoma na hayo. Usibahatishe. Soma!