Ungeweka Hela Yako Kwenye Kampuni Inayouza Foleni?

Mfanyabiashara mwenzangu, kuna kampuni Uingereza ambayo biashara yake ni foleni. Haina bembea hata moja, haina bwawa la kuogelea, haiuzi soda wala chipsi. Inachouza ni mfumo wa kukata tiketi na kupanga watu zamu kwenye viwanja vikubwa vya burudani vya Ulaya na Marekani. Inaitwa accesso, na hisa zake zinauzwa soko la London. Wapo waliotengeneza hela nzuri kwenye hizo hisa, na wapo walioumia vibaya.

Utasema: mimi niko Same, nauza unga wa tangawizi WhatsApp na Instagram, mzigo natuma kwa basi, ya London yananihusu nini? Yanakuhusu. Ukishaanza kupata faida kidogo, hazipiti siku mbili mtu anakuletea "fursa ya uwekezaji". Mara ni hisa, mara ni kampuni ya teknolojia, mara ni grupu la Telegram. Ukielewa kisa cha kampuni hii moja, utakuwa na maswali ya kumuuliza kabla hujagusa simu kutuma hela.

Kupanga zamu ni biashara

Watu wa Upareni wanalijua hili zamani. Ukipanda kutoka Makanya kwenda Bangalala utakuta ndiva, yale mabwawa madogo ya asili. Maji ya kijito yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa yaingie mferejini, na kila mkulima ana zamu yake. Hukeshi mferejini na jembe ukigombana na jirani. Unajua siku yako, unaendelea na shughuli nyingine, zamu ikifika unakwenda kumwagilia. Na wenye haki ya maji ni wale wanaotokea kwenye msaragambo wa kusafisha mfereji.

Sasa chukua wazo hilohilo ulipeleke kwenye kiwanja cha burudani. Mtu kalipa kiingilio, kaja na watoto, halafu anasimama juani saa nzima kusubiri treni ya kupinduka angani ambayo raha yake ni dakika mbili. Mwaka 2000 Mwingereza Leonard Sim alianzisha kampuni iliyoitwa Lo-Q. Walitengeneza kifaa kidogo cha kushika mkononi. Unakikodi, unachagua mchezo unaoutaka, kifaa kinakushikia nafasi na kukuambia muda wa kwenda. Wateja wa Six Flags Over Georgia, Marekani, walianza kukitumia mwaka 2001.

Ona ujanja wake. Mteja analipa zaidi ili asisimame. Mwenye kiwanja anapata mgao, na juu ya hapo yule aliyekuwa amekwama kwenye foleni sasa yuko huru kununua chakula na zawadi. Lo-Q nayo inapata chake.

Desemba 2012 Lo-Q ilinunua kampuni ya tiketi ya Marekani iitwayo accesso, na mwaka uliofuata ikachukua jina hilo. Kuanzia hapo ikawa inauza vyote viwili, tiketi na foleni. Sehemu kubwa ya mapato yake inategemea wingi wa miamala: watu wakikata tiketi nyingi inapata nyingi, wakikata chache inapata chache.

Ilipopanda, na ilipoanguka

Wawekezaji waliipenda. Kampuni ikaendelea kununua nyingine, na mwaka 2017 ikainunua moja iitwayo The Experience Engine kwa makubaliano ya hadi dola milioni 80. Mwaka 2018 hisa moja ya accesso ilipita pauni 20. Aliyeingia mapema alikuwa anachekelea.

Halafu mambo yakageuka. Kampuni iliyonunuliwa kwa bei kubwa haikuleta kilichotarajiwa. Mwaka 2019 accesso ilijaribu kutafuta mtu wa kuinunua yenyewe, biashara ikaishia bila mnunuzi. Machi 2020 korona ikafunga viwanja. Tiketi hazikatwi, foleni hakuna, miamala hakuna. Mauzo ya mwaka yakashuka kutoka takribani dola milioni 117 hadi 56, na hisa ikawa imeanguka chini ya pauni 3. Ili isife, kampuni ikatoa hisa mpya na kukusanya takribani pauni milioni 40. Yaani mwenye hisa wa zamani ambaye hakuongeza hela alibaki na kipande kidogo zaidi cha mkate uleule.

Kampuni haikufa. Mwaka 2021 mauzo yalipita dola milioni 120, na 2024 yakafika takribani milioni 152, makubwa kuliko yale ya 2018. Lakini bei ya hisa haikurudi hata nusu ya pale ilipokuwa juu.

Soma tena hapo. Kampuni inauza zaidi ya zamani, lakini aliyenunua hisa bei ikiwa kileleni bado ana hasara. Biashara nzuri na hisa nzuri ni vitu viwili tofauti. Tangawizi ya Mamba Myamba ni nzuri miaka yote, lakini ukiinunua siku bei imepaa halafu ukauza siku soko limejaa, umechoma mtaji. Tangawizi haina kosa, kosa lipo kwenye bei uliyonunulia.

Visa vya karibu na kwetu

Ukidhani kumiliki kiwanja chenyewe ni salama kuliko kukiuzia mfumo, angalia Dubai. Kampuni ya DXB Entertainments iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2014 kwa dirham 1. Viwanja vikafunguliwa mwaka 2016, vizuri kweli, lakini wageni hawakutosha kulipia gharama na madeni. Kufikia mwaka 2021 wenye hisa wadogo walikuwa wamepewa ofa ya dirham 0.08 kwa hisa, na kampuni ikatoka sokoni. Kwa lugha yetu, kila laki moja ilibaki elfu nane.

Nairobi nako, mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya kulipia nauli ya matatu, BebaPay. Teknolojia ilifanya kazi, majina ni makubwa, lakini mwaka 2015 ikafungwa. Konda alitaka keshi, mwenye gari naye keshi, abiria hakuona sababu ya kubadilika. Mfumo wa tiketi unaishi pale tu yule anayekusanya hela anapokubali kuutumia.

Hapa kwetu umeingia kwa nguvu ya sheria zaidi. Ukienda Hifadhi ya Mkomazi kupitia geti la Zange, kilomita chache kutoka mjini Same, humpi askari noti mkononi; unalipa kwa mfumo wa serikali wa kontrol namba. Mabasi yanayopita Same kwenda Dar na Arusha yanatakiwa na LATRA kutoa tiketi mtandao. Kivuko cha Kigamboni na uwanja wa Mkapa wanatumia N-Card. Kwa hiyo soko la tiketi lipo na linakua. Ila kampuni binafsi za malipo kama Selcom na Maxcom hazijaandikishwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, yaani DSE. Mtu akikwambia anakuuzia hisa za mojawapo "kupitia DSE", hapo ujue kuna jambo.

Iliyo karibu zaidi na biashara hiyo pale DSE ni Vodacom, kwa sababu ya M-Pesa. Iliuza hisa zake kwa wananchi mwaka 2017 kwa shilingi 850. Wengi walinunua wakitegemea zitapaa haraka, lakini baadaye bei ikateremka hadi 770. Mwenye hisa 200 aliyetoa 170,000 aliona mali yake inasoma 154,000. Si janga, na gawio lilikuwa linatolewa, lakini kama hiyo 170,000 ndiyo ilikuwa ya kuchukulia mzigo wa sikukuu, maumivu yake ni mengine kabisa.

Maswali 5 kabla hujatoa hela

1. Nani hasa anailipa hii kampuni? Accesso inategemea wateja wachache wakubwa. Mmoja akiondoka, pengo linaonekana. Ni sawa na wewe kumtegemea mteja mmoja wa jumla aliyeko Kariakoo. Siku akipata mtu mwingine wa kumletea, umekwisha.

2. Ina msimu? Viwanja vya burudani vya Ulaya na Marekani vinajaa kiangazi na kulala baridi. Ukisoma mauzo ya miezi mizuri pekee utadanganyika. Waombe hesabu za mwaka mzima, tena miaka mitatu au minne.

3. Inakua kwa kuuza au kwa kununua kampuni nyingine? Kukua kwa kununua kunapendeza kwenye karatasi, lakini kuna siku bei uliyolipa inakurudia.

4. Nini kikitokea mapato yanafika sifuri? Korona ilikuwa jibu la swali hilo. Kampuni yenye akiba inapita, yenye madeni inauza hisa mpya kwa bei ya hasara.

5. Nikitaka kutoka, nani atanunua? Hisa nyingine pale DSE zinakaa siku nyingi bila mnunuzi. Hela uliyoiweka huko usiipangie ada ya shule ya Januari.

Hela ipi iende huko?

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme una mtaji wa 300,000 kwenye unga wa tangawizi, unauzungusha mara mbili kwa mwezi, na kila mzunguko baada ya kutoa vifungashio, bando na nauli ya mzigo unabakiwa na 30,000. Hiyo ni 60,000 kwa mwezi. Hakuna hisa halali inayokupa gawio la namna hiyo. Kwa hiyo hela inayozunguka usiitoe kwenye mzunguko ikanunue hisa.

Lakini biashara ndogo ina ukomo. Ukileta unga mara tatu zaidi haina maana wateja wataongezeka mara tatu, utaozea stoo. Ile faida ambayo biashara haiwezi tena kuimeza, baada ya kuweka akiba ya dharura, ndiyo hela ya uwekezaji. Na usiiweke yote sehemu moja. Kama unaanza, mifuko ya UTT AMIS inakupa vipande vya uwekezaji mwingi kwa pamoja. Ukitaka hisa za DSE, fungua akaunti kwa dalali mwenye leseni ya CMSA, au tumia programu ya Hisa Kiganjani.

Hisa za London kama hizi za accesso zina taratibu zake za fedha za kigeni, na ukiongeza makato na kubadili pesa, kwa laki mbili tatu haileti maana. Na yeyote anayesema "nitumie kwa M-Pesa nikununulie hisa za nje, kila wiki unapata asilimia 20", huyo hauzi hisa. Tuliona DECI mwaka 2009, watu wakaambiwa wapande mbegu wavune zaidi. Hela ilikuwa ya wenzao waliochelewa kuingia. Hisa halisi inapanda na inashuka. Isiyoshuka kamwe haipo.

Chukua wazo lao, hela yako ibaki kwako

Faida kubwa ya kisa hiki kwa muuzaji mdogo inaweza isiwe hisa kabisa. Inaweza kuwa ile akili ya kupanga zamu.

Mzigo ukiwa mchache, usiseme tu "umeisha". Fungua orodha ya oda. Mteja anatoa kianzio kidogo, unampa namba yake na siku ya kupokea. Zamu ikifika, unamtumia ujumbe kabla hajauliza. Yeye hasubiri akiwa na wasiwasi, na wewe unajua ununue kilo ngapi kabla hujapanda Mamba Myamba. Anayetaka mzigo utoke leoleo na basi la jioni, muongezee gharama ya haraka, ila umwambie wazi mapema. Na usiruhusu mtu arukie namba ya mwenzake kwa sababu ni rafiki yako. Kwenye ndiva, anayefungulia maji nje ya zamu yake anazusha kesi. Kwenye biashara ya mtandaoni anayeona karukwa hakupigii kelele, anahama kimyakimya.

Daftari na simu vinatosha kuanza. Hiyo orodha ianze na mzigo wako unaofuata, na yule mwenye "fursa" akija wiki hii, mpe yale maswali 5 ajibu moja baada ya jingine. Akianza kukasirika, umeshapata jibu.

Mtumie na mwenzako mwenye duka la mtandaoni, hasa yule ambaye ameshaingizwa kwenye grupu la "wawekezaji".